Kromosomu Moja Zaidi: Utangulizi wa Kinga ya Mtoto Aliye Tumboni

Karibu kila maabara ya kituo cha afya hapa Kivu ya Kusini ina chupa ya Giemsa. Ni rangi ya buluu inayoelekea zambarau. Mpimaji huimimina juu ya damu iliyokaushwa kwenye kioo, akasubiri, akasuuza kwa maji, kisha akainamia darubini kutafuta vimelea vya malaria. Jina lake limetokana na Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg aliyeitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20. Wanafunzi wengi wanaifahamu kwa malaria tu. Lakini rangi hiyo hiyo ndiyo inayochora milia kwenye kromosomu za binadamu ili zipate kuhesabiwa na kutambuliwa moja moja. Na ndiyo inayofichua, katika damu ya baadhi ya watoto wachanga, seli changa ambazo zilipaswa kubaki ndani ya ini mpaka zikomae. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama umewahi kushika chupa ile, umeshafika mlangoni pa somo ninalokukaribisha.

Somo lenyewe ni hili: jinsi mfumo wa kinga unavyojengwa ndani ya mtoto angali tumboni mwa mama yake, na jinsi ujenzi huo unavyobadilika mtoto huyo akiwa na kromosomu nyingi kuliko kawaida au pungufu. Naliandika nikiwafikiria kwanza wanafunzi wa udaktari na uuguzi wa Bukavu, wakunga wa Ibanda, Kadutu na Bagira, na pia mzazi aliyeambiwa kwamba mtoto wake ana trisomia, yaani kromosomu moja zaidi, na akarudi nyumbani na maswali mengi kuliko majibu. Biolojia ya sekondari inatosha kuanzia. Kila neno la kitaalamu nitalifafanua litakapojitokeza mara ya kwanza, na ukikwama mahali, rudi aya moja nyuma bila haya. Ndivyo sote tulivyojifunza.

Kuna jambo moja ningependa ulishike tangu sasa. Kinga ya mtoto mwenye kromosomu zisizo za kawaida, mara nyingi, ipo. Imejengwa, ila kwa vipimo vingine na kwa ratiba nyingine. Anayejua tofauti imeingia katika hatua ipi anajua pia pa kumsaidia mtoto. Ndiyo maana nitatumia muda mrefu kwenye misingi kabla ya kugusa kromosomu hata moja.

Tuanze na kinga yenyewe. Mfumo wa kinga ni jumla ya seli na kemikali zinazoulinda mwili dhidi ya vimelea na zinazotofautisha kilicho chake na kilicho kigeni. Una matawi mawili. Kinga ya asili huja tayari: seli zake humeza au kuua chochote chenye alama za jumla za vimelea, haraka, bila kuhitaji kukutana nacho kabla. Kinga ya kujifunza ni ya polepole zaidi, lakini hukumbuka. Kazi yake hufanywa na limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu. Limfosaiti B hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomnasa mdudu mahususi. Limfosaiti T huua seli zilizokwisha kuvamiwa, huwasaidia B kufanya kazi, na nyingine katika kundi hilo hutuliza vita vikizidi.

Hapa niondoe wasiwasi mmoja mapema. Ukisikia daktari akisema mtoto huyu ana upungufu wa kinga, masikio yetu hukimbilia virusi vya UKIMWI. Tunayoyazungumza hapa ni mambo mengine kabisa. Virusi vya UKIMWI huingia kutoka nje na kuharibu kinga iliyokwisha kujengwa. Katika tofauti za kromosomu hakuna kirusi, hakuna maambukizi, na hakuna wa kumwambukiza mwingine. Tofauti iko katika ujenzi wenyewe.

Karibu seli zote za kinga hutoka kwenye seli shina za damu, seli mama zenye uwezo wa kujizalisha na pia kugeuka kuwa aina yoyote ya chembe ya damu, nyekundu au nyeupe. Jambo linalowashangaza wanaoanza ni kwamba seli hizi huhamahama. Mtu mzima ana makao yake ya damu ndani ya uboho, ule ute laini ulio katikati ya mifupa. Mtoto aliye tumboni hana mifupa yenye uboho kwa miezi ya kwanza, basi damu yake hubadilisha makazi mara kadhaa.

Kabla ya kutaja wiki, tutatue jambo linalochanganya wengi. Mkunga huhesabu umri wa mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Vitabu vya embriolojia, elimu ya ukuaji wa mtoto kabla ya kuzaliwa, huhesabu tangu yai liliporutubishwa. Hesabu hizi hupishana kwa wiki mbili hivi, na mwanafunzi asiyejua hilo huona vitabu viwili vikipingana na kudhani kimoja kimekosea. Katika safari ya damu nitahesabu tangu kurutubishwa. Nitakapofika kwenye kingamwili za mama nitahesabu kama mkunga, na nitakukumbusha.

Damu ya kwanza huonekana katika wiki ya 3, nje ya mwili wa mtoto, kwenye kifuko kidogo kilichoungana naye kiitwacho kifuko cha kiini. Chembe zake ni za dharura: nyekundu za kubeba oksijeni na nyeupe chache za kumeza uchafu. Katika wiki ya 4 hadi ya 5, kwenye ukuta wa mshipa mkuu wa damu, aota, huzaliwa seli shina za kweli, zile ambazo wazao wake watatufuata maisha yetu yote. Idadi yake ni ndogo mno. Hazikai pale, husafiri kwa damu hadi kwenye ini, na kuanzia wiki ya 6 hivi ini huwa kiwanda kikuu cha damu. Huzidisha seli shina, hutengeneza chembe nyekundu kwa wingi, na humo limfosaiti B za kwanza hutokea yapata wiki ya 8. Uboho huanza kazi karibu na wiki ya 11, lakini ini huendelea kutawala hadi miezi ya mwisho ya mimba. Likumbuke ini. Tutalirudia, kwa sababu mengi ya trisomia 21 huanzia humo.

Limfosaiti T zina njia yake, nayo hupitia kiungo ninachokipenda kuliko vingine vyote katika somo hili: tezi ya timusi. Iko kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari, imelala juu ya moyo. Kwa mtoto mchanga ina uzito wa gramu 10 hadi 20 hivi na hufunika sehemu ya juu ya moyo wake. Kwa mtu mzima imesinyaa na kujaa mafuta, na kwa sababu hiyo kwa muda mrefu madaktari waliidhania haina kazi. Mwaka 1961 Jacques Miller, akifanya kazi London, aliondoa timusi za panya waliotoka kuzaliwa na kuona limfosaiti zao zikipungua vibaya na wanyama wenyewe wakiugua kwa maambukizi madogo. Kiungo kilichodharauliwa kilikuwa shule ya kinga. Herufi T katika limfosaiti T inatokana na jina lake.

Shule hiyo ni kali. Seli changa huingia zikitokea kwenye ini kuanzia wiki ya 8 au 9. Kila moja hutengeneza kipokezi chake, protini ya juu ya seli inayonasa umbo fulani tu, na hukitengeneza kwa kuchanganya vipande vya jeni kwa bahati nasibu. Kwa kuwa ni bahati nasibu, vipokezi vingi havifai: vingine havinasi chochote, vingine vinanasa viungo vya mtoto mwenyewe. Timusi huzijaribu zote. Zaidi ya 95 katika kila 100 hufa humo humo bila kutoka. Ili kuzijaribu vizuri, baadhi ya seli za timusi huonyesha sampuli za protini za viungo vya mbali, kama kongosho na tezi ya shingoni, kwa kutumia jeni moja iitwayo AIRE. Nimekutajia jina la jeni hii kwa sababu, kama utakavyoona, imekaa juu ya kromosomu ya 21. Limfosaiti T za kwanza zilizofuzu huanza kutoka kwenye timusi karibu na wiki ya 12 hadi 14.

Sasa huenda unajiuliza: kama mtoto ana limfosaiti T tangu mwezi wa nne, mbona hazimshambulii mama, ambaye nusu ya jeni zake ni ngeni kwake? Swali zuri, na limewahi kuleta Tuzo ya Nobel. Mwaka 1953 Peter Medawar na wenzake Rupert Billingham na Leslie Brent walionyesha kwamba panya akiingiziwa seli ngeni kabla ya kuzaliwa hukua akizivumilia. Medawar alipewa tuzo hiyo mwaka 1960 pamoja na Macfarlane Burnet. Kwa binadamu, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na kundi la Joseph McCune huko California uliona seli za mama ndani ya tezi za limfu za vijusi, na ukaona kwamba limfosaiti T za vijusi zikikutana nazo hugeuka kwa wingi kuwa T za kutuliza. Kijusi, kwa maelezo, ni jina la mtoto aliye tumboni baada ya viungo vyake vikuu kujitokeza, kuanzia mwezi wa tatu hivi. Kinga ya kijusi, basi, iko macho, ila imeelekezwa kwenye uvumilivu. Wanafunzi hupenda kusema imelala. Ningewaomba waliache neno hilo, kwa kuwa linaficha jambo lenye maana kubwa.

Na kwa kuwa haijaelekezwa vitani, mama humkopesha silaha. Kuanzia wiki ya 13 ya mimba, na hapa nahesabu kama mkunga, kondo la nyuma huanza kumpitishia mtoto kingamwili za aina ya IgG kwa kipokezi maalumu kinachozibeba kutoka damu ya mama hadi damu ya mtoto. Mwanzoni ni kidogo. Kati ya wiki ya 28 na ya 32 mtoto huwa amefikia karibu nusu ya kiwango cha mama, na akitimiza miezi yake huweza kumpita. Mtoto njiti hukosa sehemu kubwa ya mkopo huu, na hiyo ni sababu mojawapo ya udhaifu wake mbele ya maambukizi.

Umeshika msingi. Sasa tuzilete kromosomu.

Kromosomu ni nyuzi zilizokunjwa ndani ya kiini cha seli, na juu yake zimepangwa jeni, yaani maagizo ya kutengeneza protini. Tunazo 46, jozi 23. Nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Hesabu hiyo tunayoikariri shuleni si ya zamani sana: ilithibitishwa mwaka 1956 na Joe Hin Tjio na Albert Levan huko Lund, Uswidi, na kabla yao vitabu vilisema 48. Miaka mitatu baadaye, Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walitangaza kwamba watoto wenye hali iliyoelezwa na John Langdon Down mwaka 1866 wana kromosomu 47, ile ya ziada ikiwa ya 21. Gautier ndiye aliyeotesha seli hizo maabarani kwa mikono yake, na heshima yake ilichelewa kwa miongo. Hali hiyo huitwa trisomia 21, trisomia maana yake ni kromosomu fulani kuwa tatu badala ya mbili.

Kosa hutokea vipi? Mara nyingi wakati yai la mama linapojigawa ili kubakiza nusu ya kromosomu, jozi moja hukataa kuachana. Uwezekano huongezeka kwa umri: kwa mama wa miaka 20 ni mtoto 1 katika takribani 1,500, kwa mama wa miaka 40 ni 1 katika 100 hivi. Makosa ya namna hii si nadra; karibu nusu ya mimba zinazoharibika katika miezi mitatu ya kwanza zina kromosomu zisizo sawa. Nayasisitiza haya kwa sababu katika familia zetu mama huulizwa alikula nini, alimkosea nani, ukoo wake una nini. Hakuna alichokula. Kujigawa kwa yai hakumsikilizi mtu.

Ili kuelewa kromosomu ya ziada inafanya nini, fikiria kwaya ya kanisani Jumapili. Wimbo ni ule ule, noti hazikukosewa hata moja, lakini sauti ya besi imeongezewa waimbaji kwa nusu nzima. Unachosikia si wimbo mwingine. Ni wimbo ule ule uliopoteza uwiano, na pengine soprano hazisikiki kabisa. Katika trisomia 21 jeni zaidi ya 200 zilizo juu ya kromosomu hiyo zinasomeka vizuri, ila kila moja ina nakala tatu. Mara nyingi hutoa mazao mara moja na nusu ya kawaida. Wataalamu huita jambo hili athari ya kipimo cha jeni, na ndilo wazo la msingi la uwanja wote huu.

Turudi kwenye ini. Mwaka 2012 Anindita Roy, Irene Roberts na wenzao nchini Uingereza walichapisha uchunguzi wa ini za vijusi vya miezi ya katikati ya mimba vyenye trisomia 21. Seli shina zilikuwepo, lakini zilipendelea upande mmoja: njia ya chembe nyekundu na ya megakariosaiti, zile seli kubwa zinazozaa chembe za kugandisha damu, ilikuwa imepanuka, na watangulizi wa limfosaiti B walikuwa wachache sana. Angalia uzito wa jambo hili. Mtoto hajakutana na mdudu hata mmoja, hajazaliwa, na tayari hazina yake ya B ni ndogo. Miongoni mwa jeni zinazoshukiwa ni RUNX1, msimamizi wa uzalishaji wa damu aliyeko juu ya kromosomu 21, lakini hakuna jeni moja inayobeba lawama yote.

Upendeleo huo wa ini una hatari nyingine, na hapa ndipo kioo cha damu kinapotuonyesha kitu. Seli za njia ya megakariosaiti zikigawanyika kupita kiasi, baadhi hupata badiliko katika jeni iitwayo GATA1, ambayo iko juu ya kromosomu X. Mambo mawili yakikutana, trisomia na badiliko hilo, seli changa huzidi na kumwagika kwenye damu. Chukua tone la damu ya mtoto wa siku tatu mwenye hali hii, ulitandaze kwenye kioo, ulipake rangi. Utaona seli kubwa ambazo kiini kimejaza karibu seli nzima, chenye rangi laini isiyo na mabonge. Ukingo wake ni mwembamba wa buluu, na mara nyingine umetoka vijipuvu pembeni. Kando yake kuna chembe za kugandisha damu zilizo kubwa kuliko kawaida. Seli changa hizi huitwa blasti. Mpimaji aliyezoea malaria peke yake anaweza kuzipita, au akaogopa na kuandika saratani ya damu. Kwa kweli hali hii, inayoonekana kwa takribani mtoto 1 katika 10 wenye trisomia 21, mara nyingi hutoweka yenyewe ndani ya miezi michache. Maelezo yanayokubalika ni kwamba ini huacha kazi ya damu baada ya kuzaliwa, na seli hizo hukosa makao. Hata hivyo mmoja hivi katika watano wa watoto hao hupata saratani ya damu ya kweli kabla ya kufikisha miaka 4, kwa hiyo hufuatiliwa. Saratani hiyo huitikia dawa vizuri kuliko zile za watoto wengine.

Timusi nayo? Kwa miaka mingi ilisemekana kwamba kinga ya watu wenye trisomia 21 huzeeka mapema: wanaugua mara kwa mara, timusi inachakaa, limfosaiti T mpya zinapungua. Maelezo hayo yalikuwa na mantiki, na yaliweka sababu baada ya kuzaliwa. Lakini vipimo vya ekografi, yaani picha za mawimbi ya sauti, vilionyesha timusi ndogo hata kwa vijusi, na watoto wachanga sana walikutwa na T chache zilizotoka karibuni kwenye timusi. Tofauti ilitangulia ugonjwa. Binafsi naona huu ndio mfano bora wa kwa nini tunahitaji kumchunguza mtoto kabla hajazaliwa: ukimpima akiwa na miaka miwili, huwezi kutenganisha alichozaliwa nacho na alichopata kwa kuugua.

Kuna upande wa tatu, nao unaelekea kinyume. Intaferoni ni kemikali ambazo seli iliyovamiwa na kirusi hutoa kuwaonya majirani. Ili kusikia onyo, jirani anahitaji vipokezi, na jeni 4 kati ya 6 za vipokezi vya intaferoni ziko juu ya kromosomu 21. Mwaka 2016 kundi la Joaquín Espinosa huko Colorado, Marekani, lilionyesha kwamba seli za watu wenye trisomia 21 huishi kama zimepokea onyo hata pasipo kirusi. Kwa hiyo kinga hiyo ni pungufu katika B na T, na papo hapo ina hamaki. Mwanafunzi akisikia hivi huuliza: ni dhaifu au ni kali? Ni vyote viwili, na ukikubali hilo utaelewa kwa nini mtoto yule yule hupata nimonia mara kwa mara na baadaye kinga yake kuishambulia tezi yake ya shingoni. Ongeza kwamba karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, ambayo hulemea mapafu, na picha inakamilika.

Kromosomu nyingine nitazipitia haraka, isipokuwa moja. Trisomia 18 na 13, zilizoelezwa zote mwaka 1960, huua watoto wengi mapema, na kinga yao haijachunguzwa kwa kina. Sindromu ya Turner, ambamo msichana ana kromosomu X moja tu kamili, huvuruga mishipa ya limfu, na ndiyo maana shingo ya kijusi huweza kuonekana imevimba maji kwenye ekografi. Isiyopaswa kupitwa haraka ni upungufu wa kipande cha kromosomu 22, sehemu iitwayo 22q11.2. Mwaka 1965 Angelo DiGeorge wa Philadelphia aliwaeleza watoto wasio na timusi wala tezi ndogo za kusawazisha kalsiamu. Viungo hivyo huota katika eneo moja la shingo ya kiinitete, yaani mtoto kabla hajawa kijusi, karibu na inapopangwa mishipa mikubwa ya moyo, hivyo ujenzi wa hapo ukivurugika vyote huathirika pamoja. Mkunga, kwa hiyo, akiona mtoto mchanga mwenye degedege lisilo na homa na moyo wenye mlio usio wa kawaida, awaze kalsiamu, na akiwaza kalsiamu awaze timusi. Wengi wa watoto hawa wana timusi ndogo inayofanya kazi. Wasio nayo kabisa hawafiki 1 katika 100. Kipande kinachokosekana ni kidogo mno, na milia ya Giemsa kwa kawaida haikionyeshi. Huhitaji vipimo vya jeni vya kisasa zaidi.

Lakini timusi yenyewe inaonekana kwa ekografi ya kawaida. Ukiuelekeza mkono wa mashine kwenye kifua cha kijusi, mahali mishipa mitatu mikubwa inapoonekana imejipanga, timusi ni kile kivuli laini kilicho mbele yake, kikipakana na mapafu yanayong'aa kidogo zaidi. Pima umbali kutoka mshipa hadi mfupa wa kidari, kisha umbali wote wa ndani ya kifua kwenye mstari huo huo, kutoka mfupa wa kidari hadi uti wa mgongo. Kwa kawaida timusi huchukua takribani 0.44 ya nafasi hiyo. Kipimo hiki, kilichopendekezwa na Rabih Chaoui na wenzake mwaka 2011, hakihitaji mashine nyingine zaidi ya ile inayotumika kwenye kliniki ya wajawazito, CPN. Kinahitaji mkono uliozoea na dakika chache.

Nimeacha Bukavu mwisho kwa sababu hapa somo linakuwa gumu zaidi, na lenye thamani zaidi. Kilomita 45 hivi kaskazini mwa mji, Lwiro, watoto wenye kwashiorkor wametibiwa na kuchunguzwa kwa miongo mingi. Utapiamlo mkali husinyaza timusi kuliko karibu ugonjwa mwingine wowote, na timusi hukua tena mtoto akilishwa. Kwa hiyo mtoto wa Kabare au Walungu mwenye trisomia 21, ambaye misuli yake ni legevu na hunyonya kwa shida, anaweza kuwa na timusi ndogo kwa sababu mbili, na ya pili inatibika. Msaidie mama kumnyonyesha kwa subira, akamue maziwa ya kwanza ampe kwa kijiko ikibidi. Mpe chanjo zote za ratiba ya taifa kwa wakati. Katika trisomia 21 mwili huitikia kwa nguvu pungufu, lakini huitikia. Tahadhari ya chanjo zenye vimelea hai, kama BCG, inamhusu yule adimu asiye na timusi kabisa, na isitumiwe kumnyima mtoto mwenye trisomia 21.

Kisha kuna malaria. Bukavu iko juu, mita 1,500 hivi, na mbu wake si wengi. Ukishuka bonde la Ruzizi kuelekea Kamanyola na Uvira mambo ni mengine. Vimelea vikijaa kwenye kondo la nyuma, kingamwili zinazomfikia mtoto hupungua, kama utafiti uliofanywa Gambia ulivyoonyesha kwa surua. Sasa kumbuka jambo ambalo wengi hulisahau: kondo la nyuma hutoka upande wa mtoto. Mtoto akiwa na trisomia 21, kwa kawaida kondo lake nalo lina kromosomu tatu za 21. Mama mwenye malaria ya bondeni anapombeba mtoto wa namna hiyo, mkopo wa kingamwili unapita katika kiungo chenye mizigo miwili kwa wakati mmoja.

Hilo ni swali la kufanyiwa kazi hapa hapa, na mwanafunzi anaweza kulianza. Mji una hospitali zinazozalisha akina mama wengi, ikiwemo Panzi, ambayo Daktari Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999 akiwafikiria kwanza wajawazito. Na Chuo Kikuu cha Kinshasa kina kituo cha jenetiki ya binadamu cha kushirikiana nacho kwa vipimo vya kromosomu. Kinachotakiwa wakati wa kuzaa ni damu kidogo ya kitovu na kidogo ya mama, zilizochukuliwa siku moja, kwa idhini yake baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili au Mashi. Pima IgG ya surua au ya pepopunda katika zote mbili, ugawe ya mtoto kwa ya mama. Kwa mtoto aliyetimiza miezi unatarajia 1 au zaidi. Ukipata chini ya hapo, tazama kondo kwa darubini kama lina vimelea, andika wiki za mimba na uzito wa mtoto, na umpangie mama tarehe ya kurudi kabla mtoto hajafikisha miezi 6, wakati mkopo wowote ule unapokuwa umepungua sana.